Mguu Ukishapungua Kuvimba, Je, Hatari Imekwisha?

Mgonjwa aliyelazwa kwa sababu ya damu kuganda mguuni akirudi nyumbani, ndugu na majirani hufurahi na kusema, "Amepona." Naye akiona kiatu kinaingia tena bila shida na maumivu yamekwisha, huanza kujiuliza kwa nini aendelee kumeza vidonge kila siku na kupanga foleni kliniki kila mwezi. Wengine huacha dawa wenyewe, bila kumwuliza daktari.

Katika makala hii tunapenda kulijibu swali hilo: mguu ukishapungua kuvimba, je, hatari imekwisha? Jibu kwa kifupi ni hapana. Mtu aliyewahi kupata bonge la damu mguuni anaweza kupata jingine baada ya miezi, hata baada ya miaka mingi. Lakini hatari hiyo haiwi sawa kwa watu wote. Inategemea zaidi sababu iliyoligandisha bonge la kwanza. Anayeijua sababu hiyo anaweza kukaa na daktari wake na kuamua vema dawa ziendelee kwa muda gani.

Damu hugandaje mguuni?

Moyo husukuma damu mpaka kwenye nyayo. Kurudi juu ni kazi ngumu zaidi, kwa maana damu inapaswa kupanda. Mishipa inayoirudisha huitwa vena, na ile mikubwa imepita ndani kabisa katikati ya misuli. Tunapotembea, misuli ya shavu la mguu huibana mishipa hiyo na kuisukuma damu juu, na vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa huizuia isirudi chini.

Mwaka 1856 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alichapisha maandishi yake makubwa juu ya jambo hili. Kutokana na kazi yake, madaktari mpaka leo hutaja mambo matatu yanayoigandisha damu ndani ya mshipa. La kwanza ni damu kwenda polepole, kama inavyotokea kwa mtu aliyelala kitandani muda mrefu au aliyefungwa plasta ngumu ya mguu uliovunjika. La pili ni mshipa wenyewe kuumia, kwa mfano katika ajali au upasuaji. La tatu ni damu kuwa nyepesi kuganda kuliko kawaida, kama ilivyo kwa wajawazito na waliotoka kujifungua, wenye saratani, wanaotumia vidonge vyenye homoni ya estrojeni, na wengine waliozaliwa na hali hiyo katika ukoo wao. Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na selimundu navyo huongeza hatari.

Bonge likishaganda, huziba njia. Mguu, mara nyingi mmoja, huvimba, huuma, huwa wa moto na pengine hubadilika rangi. Hatari kubwa zaidi ni kipande cha bonge kukatika, kupita moyoni na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Hapo mtu hukosa pumzi ghafla, kifua humchoma anapovuta hewa, moyo humwenda mbio, hukohoa damu au huzimia. Anaweza kufa kwa muda mfupi sana.

Wapo wanaosema kwamba mguu ukivimba ghafla mtu "amekanyaga kitu kibaya," na wapo wanaokimbilia kuuchua kwa mafuta. Mguu unaoshukiwa kuwa na bonge usichuliwe, maana bonge linaweza kung'oka. Mguu huvimba pia kwa matende, kwa ugonjwa wa moyo, kwa figo au kwa jipu la ndani. Macho peke yake hayawezi kutofautisha. Kipimo kinachotegemewa ni altrasaundi ya mishipa ya mguu.

Dawa hufanya kazi gani?

Watu wengi huziita "dawa za kuyeyusha damu." Jina hilo hupotosha kidogo. Heparini, warfarini na vidonge vipya kama rivaroksabani na apiksabani haviyeyushi bonge, wala haviifanyi damu iwe nyepesi kama maji. Kazi yake ni kuzuia bonge lisikue na jingine lisigande. Mwili wenyewe ndio unaolimeng'enya lile lililopo, taratibu, kwa wiki na miezi.

Faida ya dawa hizi ilionekana wazi mwaka 1960, pale madaktari Barritt na Jordan wa Bristol, Uingereza, walipochapisha jaribio lao kwa wagonjwa wenye bonge la mapafu. Kati ya wagonjwa 19 wasiopewa dawa, 5 walikufa kwa bonge la mapafu, na wengine 5 walipata bonge jingine wakapona. Kati ya 16 waliopewa dawa, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa bonge. Tangu hapo swali la kama tutoe dawa lilikwisha. Likabaki swali gumu zaidi: tuzitoe kwa muda gani? Ili kulijibu, ilibidi wagonjwa wafuatiliwe kwa miaka.

Wagonjwa wa Padua

Mji wa Padua, nchini Italia, wengi wetu tunaujua kwa jina la Mtakatifu Antoni. Madaktari nao wanaujua kwa chuo kikuu chake cha kale, na kwa kazi ya Paolo Prandoni na wenzake. Hawa waliwachukua wagonjwa 355 waliopata bonge la mguu kwa mara ya kwanza, wakawatibu kwa heparini na kisha kwa vidonge kwa muda usiopungua miezi 3. Halafu hawakuwaacha. Waliendelea kuwaita na kuwapima kila miezi 6, wengine mpaka miaka 8. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996.

Baada ya miaka 2, asilimia 17.5 walikuwa wamepata bonge tena. Baada ya miaka 5, asilimia 24.6. Baada ya miaka 8, asilimia 30.3. Yaani katika kila wagonjwa 10, karibu 3 walirudiwa. Tuangalie vizuri jinsi hesabu inavyopanda. Ni kweli kwamba hupanda kwa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo, lakini haikusimama hata katika mwaka wa nane. Hapakuwa na siku ambayo mgonjwa angeweza kuambiwa, "Kuanzia leo huna hatari tena."

Jambo la pili walilolipima ni hali ya mguu wenyewe. Bonge linapokaa ndani ya mshipa huviharibu vile vilango vidogo, na damu hubaki ikilala chini. Mguu huwa mzito, huvimba kila jioni, ngozi ya karibu na kifundo hubadilika rangi na kuwasha, na mwishowe unaweza kutoka kidonda kisichopona haraka. Huko Padua, baada ya miaka 8, asilimia 29.1 walikuwa na matatizo ya namna hiyo. Waliorudiwa na bonge katika mguu uleule ndio walioumia zaidi.

Jambo la tatu ni kifo. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai walikuwa asilimia 70.2. Hapa tusiharakishe kusema kwamba wote waliofariki waliuawa na bonge. Wengi walikuwa na ugonjwa mwingine mkubwa, na hasa saratani, ambayo iliongeza hatari ya kufa karibu mara 8. Kwa maneno mengine, bonge la damu wakati mwingine ni mjumbe wa ugonjwa mwingine uliojificha. Ndiyo maana daktari anayemwona mtu mwenye bonge lisilo na sababu humwuliza kama amepungua uzito, kama anakohoa muda mrefu, au kama anatokwa na damu mahali pasipo kawaida. Tusiyachoke maswali hayo.

Sababu ndiyo inayoamua

Mwaka 2007 madaktari haohao wa Padua walitoa hesabu nyingine, safari hii kwa wagonjwa 1,626 waliokuwa wameacha dawa baada ya matibabu yao ya kwanza. Waliwagawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale ambao bonge lao lilikuwa na sababu inayojulikana, kama vile upasuaji, kuvunjika mfupa, ujauzito au kulazwa kitandani. Kundi la pili ni wale ambao bonge lilikuja tu, bila sababu iliyoonekana.

Baada ya miaka 10, katika kundi la kwanza walirudiwa asilimia 22.5. Katika kundi la pili walirudiwa asilimia 52.6, yaani zaidi ya nusu. Mtu angeweza kudhani kwamba bonge lisilo na sababu ndilo la kupuuzwa, kwa kuwa mgonjwa hakuwa na tatizo lolote kubwa. Mambo ni kinyume chake. Aliyepata bonge baada ya upasuaji alikuwa na sababu ambayo imepita, maana kidonda kimepona na ameanza kutembea. Aliyepata bonge bila sababu, sababu yake bado iko mwilini, ila haijaonekana.

Utafiti mwingine mkubwa, uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2019, uliwaangalia tu wale ambao bonge lao la kwanza halikuwa na sababu ya wazi na waliokuwa wameacha dawa. Waliorudiwa walikuwa asilimia 10 katika mwaka wa kwanza, asilimia 25 kufikia mwaka wa tano, na asilimia 36 kufikia mwaka wa kumi. Wanaume walirudiwa zaidi kuliko wanawake: asilimia 41 kwa 29 katika miaka 10. Na kati ya watu 100 waliorudiwa, wapatao 4 walikufa kwa sababu ya bonge hilo jipya. Hesabu hizi hazilingani kabisa na zile za Padua, kwa kuwa wagonjwa hawakuwa walewale, lakini zote zinaelekeza upande mmoja.

Lipo pia jambo la mahali bonge lilipotokea mara ya kwanza. Aliyeanza na bonge la mguu, likirudi, mara nyingi hurudi mguuni. Aliyeanza na bonge la mapafu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa mapafuni. Na tofauti hiyo ni kubwa: huko Denmark, ambako hesabu za wagonjwa wa nchi nzima huhifadhiwa kwa miaka mingi, asilimia 3 ya waliopata bonge la mguu walikufa ndani ya siku 30, lakini kwa waliopata bonge la mapafu ilikuwa asilimia 31. Waliopona siku hizo za mwanzo nao waliendelea kufa kwa wingi zaidi kuliko watu wengine wa umri wao, hata walipofuatiliwa kwa miaka 30.

Dawa zitumike kwa muda gani?

Kutokana na hayo yote, madaktari hufuata utaratibu ambao si mgumu kuuelewa. Karibu kila mwenye bonge la ndani ya mguu hupewa dawa kwa muda usiopungua miezi 3, hata kama mguu umerudi hali yake katika wiki ya pili. Aliyelipata kwa sababu ya upasuaji au ajali, kwa kawaida huacha baada ya miezi hiyo 3. Mwenye saratani huendelea maadamu saratani ingalipo au matibabu yake yanaendelea. Aliyelipata bila sababu, au aliyerudiwa, daktari huzungumza naye juu ya kuendelea bila kikomo, huku hali yake ikitazamwa upya angalau mara moja kwa mwaka.

Kwa nini basi kila mtu asiendelee maisha yake yote? Kwa sababu dawa hizi nazo zina gharama yake. Damu isiyoganda kwa urahisi huweza kutoka tumboni au kichwani. Kwa wanaoendelea na warfarini kwa muda mrefu, karibu watu 2 kati ya 100 hutokwa na damu nyingi ya hatari kila mwaka. Kwa vidonge vipya ni karibu mtu 1 kati ya 100. Mzee anayeanguka mara kwa mara, mwenye vidonda vya tumbo au mwenye figo dhaifu yuko katika hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo daktari na mgonjwa hupima pande mbili: bonge kurudi upande mmoja, na damu kuvuja upande mwingine. Mizani hiyo haiwi sawa kwa watu wawili, na ndiyo maana si vema kuacha dawa kwa sababu jirani aliacha, wala kuendelea kwa sababu jirani anaendelea.

Habari njema ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, baada ya miezi 6 hivi ya dozi kamili, vidonge vipya vinaweza kuendelea kwa dozi ndogo. Katika utafiti mmoja wa apiksabani uliochapishwa mwaka 2013, waliopewa vidonge visivyo na dawa walirudiwa na bonge, au kufa kwa ajili yake, asilimia 8.8 kwa mwaka mmoja. Waliopewa dozi ndogo walikuwa asilimia 1.7 tu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vipya katika orodha yake ya dawa muhimu, ambako warfarini ilikuwamo tangu zamani. Bei bado ni kikwazo kwa familia nyingi za kwetu, na kwa hiyo wengi wanatumia warfarini. Ikipimwa vizuri, nayo inalinda.

Mambo ya kushika nyumbani na seminarini

Hesabu tulizozitaja nyingi ni za Ulaya, lakini vena za mguu ni zilezile, na mambo mengine ya maisha yetu yanagusa matibabu haya moja kwa moja.

Kwanza, chakula. Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Hii haina maana kwamba mgonjwa aache mboga. Ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na aende kupima damu, kipimo kiitwacho INR, kila anapopangiwa. Kwa wagonjwa wengi wa bonge, namba inayotakiwa ni kati ya 2 na 3.

Pili, mfungo. Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 humezwa pamoja na chakula, la sivyo haiingii vizuri mwilini. Anayetaka kufunga wakati wa Kwaresima huku akitumia dawa hizi azungumze kwanza na daktari wake. Mgonjwa hana wajibu wa kufunga kwa namna itakayomdhuru.

Tatu, dawa nyingine. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikichanganywa na dawa hizi huongeza hatari ya kutokwa na damu. Rifampisini inayotibu kifua kikuu huzipunguza nguvu warfarini na vidonge vipya pia. Dawa za miti shamba nazo zitajwe mbele ya daktari bila kuona haya.

Nne, akina mama. Aliyewahi kupata bonge aseme hivyo mara tu anapojua kuwa ni mjamzito. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo hubadilishiwa sindano za heparini. Wiki 6 baada ya kujifungua ndizo za kuangaliwa zaidi.

Tano, safari na kukaa. Safari ya zaidi ya saa 4, kwa ndege, basi au gari, huongeza mara 2 au 3 hatari ya damu kuganda, ingawa kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo. Kwa aliyewahi kuugua ni kubwa zaidi. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Bukoba ashuke kila basi linaposimama na kutembea, na akiwa kitini akunje na kunyosha nyayo zake. Asijinyime maji kwa kuogopa kutafuta choo. Waseminari nao wanaokaa mezani saa nyingi wakati wa mitihani wainuke mara kwa mara. Ni desturi nzuri kwa kila mtu.

Jambo la sita ni la jumuiya zetu. Tuna desturi nzuri ya kumtembelea mgonjwa akiwa wodini na kumchangia. Akisharudi nyumbani, michango husimama na ziara hukoma. Kumbe kwa ugonjwa huu, kipindi anachohitaji msaada zaidi ndicho hicho: nauli ya kwenda kupima INR, fedha ya pakiti inayofuata ya vidonge, na mtu wa kumwuliza kwa upole kama jana alikumbuka kumeza. Jumuiya ndogondogo yenye watu kumi inaweza kuubeba mzigo huo bila kuumia.

Mwisho, kila aliyewahi kupata bonge na watu wa nyumba yake wazijue dalili hizi: mguu kuvimba upya au kuuma, pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma, kukohoa damu, kuzimia. Kwa anayetumia dawa, waongeze choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu, na kichwa kuuma vikali au kugongwa kichwa. Hizi hazingoji asubuhi wala siku ya kliniki. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe tangu mlangoni, "Huyu aliwahi kugandwa na damu."

Na kama unatumia dawa hizi sasa, katika kliniki ijayo mwulize daktari wako maswali matatu: bonge langu lilisababishwa na nini? Nitatumia dawa mpaka lini? Na siku ya kuacha ikifika, tutaamuaje? Yaandike majibu kwenye daftari lako la kliniki, ili hata daktari mwingine atakayekupokea kesho ayakute.